Vyungu Tisa vya Mama Skola

Nakumbuka siku moja ya mwezi wa saba, mwanangu, na hesabu yake nimeipiga mara mbili, kama ilivyo kawaida yangu, isije ikawa najionea huruma bure. Ilinigharimu vyungu tisa visivyokuwa vyangu, mama mmoja aliyenihesabu kuwa mwanawe, na miaka arobaini na miwili ya kuvuka barabara kila nikiona sista anakuja upande wangu. Nilichopata ni nusu debe la korosho. Nimejumlisha, nimetoa, nimeanza upya. Bado naona niliuza kwa hasara.

Nakusimulia kwa sababu ya hicho chungu ulichokikumbatia. Kila mwaka ukifika mwezi wa sita, baridi ya Songea ikianza kuuma masikio, nyinyi vijana mlionunua yungiyungi kwangu wakati wa Pasaka mnaanza kurudi mmoja mmoja. Siku hizi mnaliita kala lili, nami sina ugomvi na jina, mradi mmelipa. Mnakuja mmenuna, kama mtu anayerudisha sufuria iliyovuja siku ya kwanza. "Shikamoo bibi. Ua lako limekufa." Lilipokuwa linachanua lilikuwa lako, ukalipiga picha ukawatumia wenzako. Limekauka, limerudi kuwa langu.

Naliangalia. Majani yamegeuka njano, yamelala ukingoni mwa chungu kama nguo zilizoangushwa na upepo. Nasema halijafa, limepumzika. Mnanitazama kama mnavyomtazama fundi wa simu anayesema betri ni nzima. Nusu yenu mnaniamini. Nusu mnaitikia "sawa bibi", kisha mnalitupa kwenye jalala la pale kwenye kona, mkidhani macho yangu yamezeeka. Huwa naenda kuokota. Siwalaumu, maana nami niliwahi kutazama chungu cha udongo mkavu nikasema humu hamna kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimetoka Mpitimbi na mzigo mmoja wa nguo na ulimi mrefu, nikapanga chumba cha uani Mjimwema, kwa mjane mmoja aliyeitwa Skolastika, sisi tukimwita Mama Skola. Nilikuwa nauza karanga sokoni. Wakati ule sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, na anayejua kubadilishana kitu kwa kitu ndiye aliyelala ameshiba. Mimi nilijua. Sokoni walisema Fidea anapunguziwa bei hata ya kitu asichotaka kununua, na ilikuwa kweli, nilifanya hivyo kunoa ulimi tu.

Mama Skola alikuwa kinyume changu. Hakujua kuombea bei. Akiambiwa mchicha ni bei fulani, alitoa pesa akasema asante, na mimi nikiwa kando yake niliumwa tumbo. Alikuwa mnyamavu, mwenye hatua fupi, na mtoto mmoja tu, Beata, aliyekuwa amekwenda utawani. Pale uani, chini ya upenu unaopata jua la asubuhi peke yake, alikuwa na vyungu tisa vya kufinyangwa, vimepangwa kwa mstari ukutani. Kila chungu alikikwaruza kwa msumari chini ya mdomo: cha kwanza mstari mmoja, cha pili miwili, mpaka cha tisa mistari tisa. Mimi mpenda hesabu niliihesabu ile mistari siku ya kwanza tu nilipohamia. Sikuuliza inahesabu nini.

Ndani ya vyungu yalikuwa mayungiyungi meupe. Ua lenyewe unalijua, ni kama karatasi nyeupe iliyokunjwa ikawa faneli, katikati kidole cha manjano. Alichanganya udongo wa msituni na mchanga wa mtoni na samadi ya mwaka juzi, si ya jana, kwa sababu samadi mbichi inaunguza. Kila asubuhi alichomeka kidole kwenye udongo mpaka kwenye pingili ya pili. Kikitoka kikavu alimwagilia, kikitoka na tope aliacha. Mara nyingi nilimwambia, Mama, maua haya ukiyakata na kuyapeleka sokoni hatutapanga foleni ya sabuni tena. Alicheka akasema hayauzwi. Mimi nilisikia "bado hujafika bei".

Mwezi wa sita majani yakaanza njano, akapunguza maji, kisha akaacha kabisa. Wiki hiyohiyo ikaja habari kwamba dada yake wa Madaba ameanguka na kuvunjika nyonga, hana wa kumgeuza kitandani. Mama Skola akafunga mzigo. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye vyungu akanionyesha kimoja kimoja, kana kwamba ananitambulisha kwa ndugu. Akasema yamelala, nisiyape maji, nisiyasogeze, na kama mwezi wa tisa utamkuta hajarudi, nianze kuyapa kikombe kimoja kimoja. Niliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku nawaza karanga zangu zilizokuwa juu ya moto. Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, lakini kwa nusu sikio, na nusu sikio ni baya kuliko uziwi, kwa sababu kiziwi hujua kuwa hajasikia.

Ukapita mwezi. Mama Skola hakurudi. Majani yakakauka, yakawa makapi, upepo ukayachukua. Vikabaki vyungu tisa vya udongo mgumu kama vigae, kuku wa jirani wakipanda juu yake kuota jua.

Basi ndiyo hiyo siku ya mwezi wa saba. Alipita mzee mmoja aliyeitwa Rajabu, mtu wa Tunduru. Korosho ndizo zilizomleta mjini, lakini mkewe alipenda kupanda maua, naye akagundua kwamba watu wanaooa hulipa vizuri kuliko watu wanaokula. Alikuja kuniuzia korosho za kuchanganya na karanga zangu. Wakati tunasalimiana macho yake yakaenda ukutani. Akasogea, akachutama, akachokonoa udongo wa chungu kimoja mpaka kidole kikapenya. Kidole kikagota kitu. Akakitoa, akakipangusa taratibu.

"Binti, vyungu hivi vinauzwa?"

"Kila kitu kinauzwa, baba. Inategemea nani anauliza."

"Na ni vyako?"

Mwanangu, hapo kungenitosha kunyamaza. Hata kukohoa tu kungetosha. Nilisema, "Ni vyangu," tena haraka, kama mtu anayefukuza nzi.

Nikataja nusu debe la korosho. Nilitaja hivyo ili yeye ashuke mpaka kwenye makopo mawili, mimi nipande, yeye alalamike juu ya watoto wake, mimi juu ya kodi yangu, tukutane kwenye makopo manne kama watu wenye adabu. Akasema, "Sawa." Kisha akaomba nisimwage udongo, avichukue hivyo hivyo. Nikaona huyu jua limempiga. Nikamwambia udongo una bei yake, akaniongezea kopo moja juu, tena la kujaa. Akaleta mkokoteni, akavipanga juu ya majani ya migomba, kimoja kimoja, kwa mikono miwili, na mimi nikaingia ndani kucheka. Niliwasimulia wenzangu sokoni juma zima kwamba nimemuuzia mtu udongo.

Hebu shika hili, hata kama mengine yote utayasahau: mnunuzi akikubali bei yako ya kwanza, usishangilie. Rudi ukaangalie umeuza nini.

Sikujiona mwizi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilijiambia maua yamekufa, vyungu ni vyungu, Mama Skola akirudi nitampa fungu lake la korosho na atanishukuru kwa kumsafishia ukuta. Fungu lenyewe nililitenga kwenye kikapu. Halafu ikaja wiki ya karanga kuadimika, nikaliuza nalo.

Alirudi mwezi wa tisa. Alikuwa ameshamzika dada yake. Alikuwa amekonda, khanga ya msiba bado kiunoni, na hata mzigo hakuutua vizuri, alikwenda moja kwa moja ukutani. Pale chini palikuwa na alama tisa za mduara, mahali vyungu vilipokaa miaka yote. Akasimama anazitazama. Nikasema, kabla hajauliza, kwamba yalikufa yote, nikayamwaga, na vyungu vilikuwa vimepasuka.

"Ulifukua ukaangalia?"

"Nilifukua, Mama. Yalikuwa yameoza."

Aliketi kwenye kizingiti. Nilitegemea anifokee, nilikuwa nimeshaandaa majibu matatu. Hakufoka. Alisema basi ni yeye, alichelewa kuacha kuyamwagilia, maji ya mwisho yalizidi. Akajilaumu yeye, mwanangu, mbele yangu, na mimi nikatikisa kichwa kumpa pole.

Hapo ndipo aliponieleza, kwa sababu aliona hakuna tena siri ya kutunza. Beata akiwa msichana mdogo alikuta kiazi cha yungiyungi kimetupwa kandokando ya bustani ya misheni, akakileta nyumbani ndani ya kiganja, wakakipanda. Siku alipokwenda utawani alimwachia mama yake chungu kile. Tangu hapo, kila mwaka maua yakilala, Mama Skola alifukua, akatenga kiazi kimoja chenye jicho, akakipa chungu kipya na kukikwaruza mistari. Vyungu tisa ni miaka tisa. Na mwezi wa kumi na mbili, mwaka uleule, Beata alikuwa anaweka nadhiri za daima. Wewe umeona inavyokuwa. Wazazi wanamsindikiza binti yao mpaka mbele, na wakati wa matoleo ukoo unaingia kwa ngoma na vigelegele, vikapu vichwani, maana wanamtoa mtoto kwa mara ya mwisho. Kuna wanaopeleka mbuzi, kuna wanaopeleka magunia ya mchele.

"Mimi mchele sina," alisema. "Ningepeleka miaka yangu. Watu wa kubeba nilishawahesabu. Ndugu wanane, na wewe wa tisa."

Nilikwenda chooni nikakaa humo muda mrefu.

Kesho yake niliamka na nia njema, na nia njema haijawahi kukosekana kwangu, kilichokosekana ni kitu kingine. Nilizunguka siku kadhaa kutafuta anapokaa Mzee Rajabu, na nilipompata mwezi wa kumi ulikuwa umeanza. Alikuwa na kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, na chini ya kivuli chake vyungu vyote tisa, majani yameshachomoza kimo cha shubiri, ya kijani, yamechongoka kama mikuki. Alikuwa hajafuta hata mstari mmoja. Nikaanza ninavyojua kuanza. Nikasifia hali ya hewa, nikauliza habari za mke, nikasema ninavihitaji vile vyungu, nitampa debe zima la korosho.

Aliondoa jani bovu kwenye chungu kimoja. Kisha akasema maua yale tayari kuna watu wameyaagiza. Halafu akanitazama, si kwa ukali, na akasema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka masikio yanapata moto.

"Nilikuuliza ni vyako, ukasema ndiyo. Leo unanunua kwa debe zima udongo uliouza kwa nusu. Niambie ni vya nani, binti, na uvichukue vyote sasa hivi. Zile korosho nimesamehe. Walioagiza nitajua la kuwaambia. Mimi mali ya mtu sitaki kulala nayo nyumba moja."

Umesikia bei hiyo? Sijawahi kutajiwa bei nafuu kama ile, kabla wala baada. Sentensi moja tu: ni vya Mama Skola, nilidanganya. Na mimi, Fidea wa sokoni, nikaona ni ghali. Nikaanza kuomba apunguze. Nikasema debe na miche miwili ya sabuni. Nikasema debe, sabuni, na nitamfulia mkewe mwezi mzima. Yeye anatikisa kichwa, mimi naongeza. Nilikuwa tayari kutoa kila kitu nilichokuwa nacho na nisichokuwa nacho, isipokuwa kile kimoja alichoomba. Niliogopa atamwambia Mama Skola, Mama Skola atanitoa chumbani, na soko zima litajua. Mwisho alisimama akaniambia niende, nikiipata ile bei nirudi, mlango uko wazi.

Nilijiambia nitarudi Jumamosi. Kati ya siku ile na siku ya nadhiri zilikuwepo Jumamosi tisa. Najua, kwa sababu nilizihesabu zote zikipita.

Siku yenyewe ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama Skola alivaa kitenge cha kuazima, kichwani kikapu cha maharage, na nyuma yake ndugu wanane, huyu na mkungu wa ndizi, yule na jogoo. Mimi nilikuwa wa tisa. Nilibeba boga. Ngoma zikapigwa, tukaanza kupanda katikati kwa hatua za kucheza, Beata ameshikwa mkono na mama yake, anang'aa kama mtu aliyeoshwa upya.

Na pale mbele, kwenye ngazi za altare, yalikuwa yamepangwa mayungiyungi, vyungu tisa, yote yamechanua. Kamati ya mapambo ndiyo iliyoyanunua kwa Mzee Rajabu. Sijawahi kuona maua yaliyonyooka vile. Yalikuwa maua thelathini na moja. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka macho.

Mama Skola alipofika kwenye ngazi alisimama. Ngoma ziliendelea, waliokuwa nyuma wakatusukuma kidogo, mtu akanong'ona "songeni mbele". Alikuwa anatazama chini ya mdomo wa chungu. Mstari mmoja. Akatazama kinachofuata. Miwili. Niliona kichwa chake kikienda polepole hivyo mpaka chungu cha mwisho, na kikapu kile cha maharage kikiwa bado juu yake. Machozi yakamtoka. Beata akamshika kiwiko akamwinamia sikioni, nadhani akimwambia asilie, na watu wakapiga vigelegele, maana mama kulia siku ile ni jambo la kawaida. Akatua maharage yake kando ya chungu cha tisa. Akanyoosha jani moja lililokuwa limejikunja. Akageuka akarudi, na alipopita karibu nami hakunitazama.

Jioni tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Alivua viatu, akanawa mikono, akajifuta kwa khanga. Nilijua linakuja. Nilitamani hata liwe kofi.

"Fidea," alisema. "Maua yamefika. Mimi ndiye sikufika."

Hakuuliza nani, wala kwa bei gani. Kesho yake alinipakulia uji kama kawaida, na keshokutwa, na mwezi uliofuata. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Kwangu haikuwa fupi hata kidogo, ilikuwa ndefu kama ya Tunduru wakati wa masika, na kila asubuhi nilipewa uji wa kuisafiria. Mtu akikufukuza unaweza kumkasirikia. Aliyekupa uji utamfanya nini? Nilivumilia mpaka Pasaka, nikahama mwenyewe, nikasingizia kwamba chumba kinavuja.

Miaka michache baadaye Mama Skola alifariki. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma kabisa, penye wauza maji. Sista Beata aliwashukuru watu. Alisema mama yake alikuwa maskini, kwamba siku ya nadhiri alikuja na kikapu cha maharage kwa kuwa maua yake yalikufa, na alipofika altareni akaona maua mazuri ya watu wengine, akalia kwa aibu. Alisema alimnong'oneza, "Mama, Mungu hahesabu." Watu wakaitikia kwa huruma. Nami nilikuwa pale, mtu pekee chini ya jua aliyejua kwamba yule mama hakulia kwa aibu ya umaskini, na kwamba hakuna katika kanisa lile aliyetoa zaidi yake. Kaburi lilikuwa bado wazi. Nikaangalia viatu vyangu.

Ndivyo nilivyoingia kwenye biashara hii ya maua, kama uliwahi kujiuliza. Watu hudhani nilipenda uzuri wake.

Sasa lete hicho chungu chako nikufundishe, maana majuto ni mjukuu, lakini si lazima awe mjukuu wako. Maua yakiisha kuchanua na majani yakaanza njano, punguza maji siku hadi siku, kisha acha. Usiyang'oe majani, yaache yakauke yenyewe, kwa kuwa yanarudisha chakula chini. Weka chungu mahali pakavu, penye kivuli, miezi miwili au mitatu. Ukiwa na shaka, usikisie na usimuulize jirani: fukua. Kiazi kigumu kama kiazi cha kula ni kizima. Kikibonyea na kunuka, hicho ndicho kilichooza, na mara nyingi aliyekiozesha ni mtu mwenye huruma na ndoo ya maji. Ukitaka kugawa, gawa wakati huu, kila kipande kiwe na jicho, kilaze jicho likitazama juu, udongo wa vidole vitatu juu yake. Mwezi wa tisa anza na kikombe kimoja. Jua la asubuhi linatosha. Chungu kiwe na matundu chini, hata kikiwa kopo la rangi. Na utomvu wake unawasha mdomo: mbuzi akionja mara moja harudii, ila mtoto anayetambaa hana akili ya mbuzi, kwa hiyo kiweke juu.

Hayo ni ya chungu. Ya kwako wewe ni haya. Ukiachiwa kitu cha mtu, usikipe bei wewe, hata kichwani mwako tu, kwa sababu ukishakipa bei umeshaanza kukiuza. Ukiona mtu anahesabu kitu kwa miaka, muulize anahesabu nini. Na ukikosea, mwanangu, nawe utakosea, lipa siku ya kwanza, wakati bei bado ni sentensi moja. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa, nina watoto wanne, lakini neno lile halijazaliwa, na mimba yake nimeibeba mpaka mgongo umepinda.

Mungu akukuze taratibu, akupe udongo usiotuamisha maji. Akujalie watu watakaokungoja wakati umekauka, na ulimi utakaofunguka mapema kuliko wangu. Mikono yako ifike pamoja na zawadi zako.

Nami nina haja kwako, usiondoke. Wiki iliyopita alikuja sista mzee kwenye meza yangu, anatembelea fimbo, na safari hii sikuwahi kuvuka barabara, kwa sababu nilikuwa nimeinama. Ni Beata. Hakunijua. Alishika shina la yungiyungi akaniuliza kama ni kweli yanakufa upesi, maana ya mama yake yalikufa. Nilimwambia arudi Jumamosi nitamchagulia lililo bora, na Jumamosi ni keshokutwa. Nikimwambia, nitakuwa nimempa mama yake jinsi alivyokuwa, na nitakuwa nimemwonyesha aliyemnyang'anya. Labda atalia, labda hatataka kuniona, na uzee wake sijui kama unabeba mzigo huo. Nikinyamaza, tutakufa wote wawili na Mama Skola atabaki na maharage yake.

Nyinyi vijana mnajua kuyasema mambo, mnayasema hata yasiyosemeka. Nipe shauri nianze na neno gani. Moja tu, la kwanza, mengine nitayafuata mwenyewe. Niletee kabla ya Jumamosi, na utaje bei yako. Sitaomba upunguze.